Stationery na stationary: herufi ya nane inayoharibu mabango na ankara

Kuanzia Majengo hadi Makole, Kikuyu hadi vibanda vinavyokizunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, mahali pa kutoa kopi, kuprinti, kubaindi na kununua daftari panaitwa jina moja tu: steshenari. Ukiinua macho juu ya milango, jina hilo moja utaliona limeandikwa kwa Kiingereza namna mbili. Duka hili "stationery", la jirani "stationary". Wengi huamini kwamba ni tahajia mbili za neno moja, kama "colour" ya Uingereza na "color" ya Marekani. Sivyo. Ni maneno mawili yenye maana mbili, Uingereza na Marekani wote wanayaandika hivyo hivyo, na moja tu kati yake ndilo linalohusu karatasi.

"Stationery", yenye e, ni jina la vifaa vya kuandikia na vya ofisini: karatasi, bahasha, peni, mafaili, stepla na pini zake, madaftari. "Stationary", yenye a, ni neno la sifa. Linaeleza kitu kilichosimama mahali pamoja bila kusogea: gari lililopaki, treni iliyotulia stesheni, bei isiyopanda wala kushuka. Bango lenye "Stationary Shop" kwa msomaji wa Kiingereza linataja duka lisilohama, na halisemi linauza nini.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka anayetaka bango lisilo na kosa, karani anayeandaa mahitaji ya ofisi pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na mwanafunzi wa kidato cha tano ambaye walimu wake watatu tofauti watamfundisha neno lenye a bila hata mmoja kumwonya juu ya lenye e.

Hatua ya kwanza: jua kinachouvuta mkono wako kwenye a

Kosa hili halitokani na uvivu. Lina sababu, na ukiijua utajikamata kabla hujaandika.

Mwingereza huyatamka maneno yote mawili sawasawa. Nguvu ya sauti anaiweka mwanzoni kabisa, na irabu ya herufi ya nane anaimeza hata isisikike kama ni a au e. Kwa hiyo sikio haliwezi kukusaidia, hata ukisikiliza redio ya Kiingereza mchana kutwa. Sisi tulipolichukua neno tulilipa irabu kamili kila silabi, kama Kiswahili kinavyotaka, tukapata ste-she-na-ri. Kisha Kiswahili kikalifanyia jambo la pili: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "steshenari" kwa sauti utasikia "na" ndiyo inayopanda juu kuliko zote. Yaani mahali hasa ambapo Kiingereza kinataka e isiyosikika, mdomo wetu unatoa a yenye nguvu kupita irabu nyingine zote. Mkono unaandika ulichosikia.

Halafu vitu vyenyewe vinavyouzwa humo ndani vimejaa a: karatasi, kalamu, bahasha, daftari, faili. Anayejaribu kukumbuka kwa kuviwazia vitu hivyo anazidi kupotea.

Neno la Kiswahili lenyewe halina kosa. Ukiandika Kiswahili, andika "steshenari" kama unavyolisema, wala usilivishe e kwa kuhofia Kiingereza. Kiswahili cha ofisini kina neno jingine pia, "shajala", na hapo tuna mtego wetu wa nyumbani: shajala ni vifaa vya kuandikia, shajara ni kitabu cha kumbukumbu za kila siku. L na r zinatenganisha vitu viwili, na karani anayeandika "ununuzi wa shajara" akitaka rimu za karatasi amefanya kosa la ukoo mmoja na hili tunalolizungumzia.

Hatua ya pili: ifunge herufi ya nane

Maneno yote mawili yana herufi kumi. Saba za mwanzo, s-t-a-t-i-o-n, zinafanana. Mbili za mwisho, r na y, zinafanana. Ugomvi wote uko kwenye herufi ya nane, basi kumbuka hiyo peke yake.

Kumbukumbu inayofanya kazi kwa msemaji wa Kiswahili ni hii: peni ina e, kusimama kuna a. Peni iko kwenye "stationery". Kusimama, kukaa, kupaki, vyote vina a, na viko kwenye "stationary". Wewe uliyeko Dodoma una nyingine ya bure: herufi ya nane, na "nane" yenyewe inaishia na e. Ukipita viwanja vya Nane Nane kule Nzuguni, kumbuka kwamba ya nane ya duka la karatasi ni e.

Usitumie kalamu wala karatasi kama kumbukumbu, kwa sababu tuliyoieleza.

Njia iliyo imara kuliko zote inatoka ndani ya Kiingereza chenyewe, na anayefundisha wengine aanzie hapa. Kiingereza kina familia ya wafanyabiashara wanaoishia na -er, na biashara zao zinapatikana kwa kuongeza y. "Baker" ni mwoka mikate, mahali pake ni "bakery". "Grocer" ana "grocery". "Brewer" ana "brewery". Muuza vifaa vya kuandikia anaitwa "stationer", na anachouza ni "stationery". Ukikumbuka mtu, e inakuja yenyewe. Hakuna mtu anayeitwa "stationar".

Upande wa pili, "stationary" inakaa na "primary", "secondary" na "temporary", maneno ya sifa ambayo kila aliyepita shule anayajua. Ila usigeuze hilo kuwa sheria kwamba kila neno la -ary ni sifa. "Library", "dictionary" na "secretary" ni majina, na yote matatu ni ya mazingira ya vitabu na ofisi, kwa hiyo yanaweza kukurudisha kwenye kosa lile lile. Mtegemee "stationer", usitegemee -ary.

Kwa nini yanafanana hivyo? Kwa sababu yana babu mmoja. Kilatini kilikuwa na "stare", kusimama, na "statio", mahali pa kusimama, ambapo ndipo lilipotoka pia neno "station" na stesheni yetu ya reli. Katika karne ya 13, vyuo vikuu vya Bologna na Paris vilikuwa na watu walioitwa "stationarii", waliokaa mahali pamoja pa kudumu, tofauti na wachuuzi waliozunguka. Walihifadhi nakala sahihi ya kitabu ikiwa imegawanywa vipande, na mwanafunzi alikodi kipande kimoja, akakinakili kwa mkono, akakirudisha na kuchukua kingine. Mwanafunzi wa Dodoma anayeacha flashi dirishani ili atolewe kopi ya notsi anafanya jambo lile lile, mashine tu ndiyo imebadilika. Baadaye London nao walikuwa na chama cha mafundi wa vitabu, kilichoanzishwa 1403 na kupewa hati ya kifalme 1557, na kinaitwa hadi leo Stationers' Company. Mtu yule aliyesimama mahali pamoja akawa "stationer", bidhaa yake ikawa "stationery", na kule kusimama kwenyewe kukabaki "stationary".

Hatua ya tatu: ipime sentensi kabla hujaiachia

Ondoa neno unalolitilia shaka, weka "paper" mahali pake. Sentensi ikibaki na maana, unahitaji e. Kisha weka "parked" au "not moving". Hiyo ikikubali, unahitaji a.

"We have ordered stationery for the exam room." Weka "paper": tumeagiza karatasi kwa ajili ya chumba cha mtihani. Inakubali, basi ni e. "The train remained stationary for an hour." Weka "paper": treni ilibaki karatasi kwa saa nzima. Inakataa. Weka "not moving": inakubali, basi ni a.

Angalia pia kitenzi kilichotangulia. Vitenzi vya kununua, kuagiza, kugawa, kupokea na kuchapisha huvuta "stationery". Vitenzi vya kuwa na kubaki, kama "was", "remained", "stayed", huvuta "stationary". Kitu kimoja hakitakusaidia, nacho ni neno linalofuata. Wengine hufundisha kwamba neno likitangulia jina lazima liwe la sifa, kwa hiyo liwe na a. Si kweli, kwa sababu Kiingereza hutanguliza jina juu ya jina: "stationery shop", "stationery cupboard", "stationery budget". Kabati la vifaa vya ofisini ni "stationery cupboard", hata kama kabati lenyewe halisogei.

Hapa kuna jambo linalowapiga hata wanaojua e yao vizuri. "Stationery" haihesabiki, kama "sugar" na "rice" zisivyohesabika. Haina wingi. "Stationeries", "stationaries", "many stationery" na "a stationery" vyote ni makosa. Andika "some stationery", "a lot of stationery", "items of stationery". Kitenzi chake ni cha umoja: "The stationery is in the store", wala usiseme "are". Ukitaka idadi, hesabu vitu vyenyewe: "five reams", "two boxes of pens". Kuuliza ni "how much stationery", wala siyo "how many".

Na duka? Kwa Kiswahili steshenari ni vifaa na ni duka pia. Kwa Kiingereza "stationery" ni vifaa tu. Duka ni "stationery shop", au "stationer's" kwa Kiingereza cha Uingereza. Kwa hiyo "Nimepeleka barua steshenari ikaprintiwe" usiifanye kuwa "I took the letter to stationery". Kinachofanyika pale ni kuprinti, basi sema "I took the letter to a print shop" au "a copy shop". Steshenari zetu zinafanya kazi nyingi ambazo "stationer" wa Uingereza hazijui, kuanzia kulamineti vyeti na kupiga picha za pasipoti hadi kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na maombi ya ajira mtandaoni. Taja kazi, msomaji ataelewa.

Hatua ya nne: safisha nyaraka zako

Kompyuta haitakuonyesha kosa hili kwa uhakika. Mstari mwekundu wa Microsoft Word hutokea pale neno lisipokuwamo katika kamusi yake, na yote mawili yamo. Matoleo mapya wakati mwingine hulikamata kwa kuangalia sentensi, wakati mwingine hayalikamati. Fanya mwenyewe.

Fungua waraka, bonyeza Ctrl na F, andika "stationar" bila y. Hilo litakuletea "stationary" na "stationaries" kwa pamoja. Pitia moja moja kwa kipimo cha "paper". Usibonyeze amri ya kubadilisha zote kwa mkupuo, hasa kwenye notsi za sayansi au ripoti ya ajali, maana utaharibu a zilizo sahihi. Ukimaliza, tafuta "stationeries" peke yake na uondoe wingi. Angalia pia vichwa vya kurasa, majina ya jedwali la Excel na jina la faili lenyewe. Utafutaji wa ndani ya waraka haufiki kwenye jina la faili.

Kwenye simu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kibodi hujifunza kutoka kwako. Uliyeandika "stationary" mara nyingi kwa wateja wako, kibodi itakupendekezea hilo daima. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, neno baya likijitokeza katika mapendekezo, libonyeze bila kuachia kisha liburute hadi kwenye alama ya pipa. Andika "stationery" mara chache kwa usahihi, nayo itaanza kulileta.

Kwa ankara na profoma, mstari wa maelezo uwe mfupi na vitu viorodheshwe kwa vipimo vinavyoweza kukaguliwa wakati wa kupokea mzigo. Kwa mfano: "Supply of office stationery: 10 reams of A4 paper, 80 gsm, 2 boxes of blue pens, 50 pieces each, 100 A4 envelopes." Rimu moja ni karatasi 500, na boksi la kawaida lina rimu 5, yaani karatasi 2,500, kwa hiyo eleza wazi kama unauza rimu au boksi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiandika "assorted stationaries" bila vipimo umefanya makosa mawili: tahajia, na kumnyima mpokeaji kitu cha kuhesabu. La pili ndilo litakalochelewesha malipo yako.

Tahadhari kwa wanaoomba zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma mtandaoni: jina la kifungu au la zabuni lililoletwa na mfumo liache lilivyo, hata ukiona lina a. Sahihisha yale uliyoyaandika wewe, yaani barua yako, maelezo ya bidhaa na jedwali la bei.

Hatua ya tano: jina la biashara na bango

Kabla ya kusajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andika jina lote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, hesabu hadi herufi ya nane ya neno hili, na mpe mtu mwingine alisome herufi moja moja wakati wewe unaangalia skrini. Kinachoingia kwenye mfumo ndicho kitakachotoka kwenye cheti, na cheti kitafuatwa na TIN, leseni ya Jiji, akaunti ya benki na mashine ya risiti.

Kama cheti chako tayari kina "Stationary", usikimbilie kubadilisha bango. Jina lililosajiliwa ndilo jina lako kisheria, likiwa na kosa au bila kosa. Ukianza kuandika "Stationery" kwenye barua na ankara huku benki na cheti vikiwa na a, umejitengenezea biashara mbili mbele ya macho ya mhasibu, naye ana haki ya kurudisha karatasi zako. Una njia mbili tu. Ama ubaki na jina lilivyo kila mahali, bila kubadilisha hata herufi, huku ukiandika maelezo ya bidhaa kwa usahihi. Ama ulibadilishe rasmi kwa kuanzia BRELA, kisha TRA, leseni, benki na mashine ya risiti, kisha usajili wako wa zabuni. Bango na muhuri vije mwisho kabisa. Kwa duka linalotegemea wateja wa mtaani, njia ya kwanza inatosha. Kwa anayetaka kuuza serikalini kwa miaka mingi, ya pili inastahili usumbufu wake, na ni afadhali ifanyike akaunti ikiwa haina malipo yanayosubiriwa.

Sasa mchoraji. Kosa kubwa hapa hutokea kwenye simu. Ukimtajia herufi kwa Kiswahili ukasema "e", yeye anaweza kusikia "ei", ambayo kwa Kiingereza ni A. Ukimtajia kwa Kiingereza ukasema "ii", anaweza kuandika I. Herufi tunayohangaika nayo ndiyo inayopotea kirahisi kuliko zote katika kutajiana. Kwa hiyo usitaje. Tuma maandishi kwa ujumbe, kwa herufi kubwa, kama yatakavyokaa: STATIONERY. Kwa benna au fleksi, omba picha ya mwisho kabla haijaingia kwenye mashine, na uikague ukihesabu kwa kidole, maana jicho linalojua neno husoma linachotarajia.

Bango lililokwisha kosewa linarekebishika. Katika STATIONARY kuna A mbili, ya tatu na ya nane; anayerekebishwa ni wa nane, yule aliye kabla ya R. Fundi asiyeambiwa ameshawahi kufuta isiyo yake, kwa hiyo ibandikie alama ya chaki. Habari njema ni kwamba E kubwa ni nyembamba kuliko A, hivyo nafasi haitakosekana.

Kwenye bati au ukuta, piga msasa eneo la herufi hadi kingo za rangi ya zamani zisisikike kwa kidole, la sivyo umbo la A litaonekana chini ya rangi mpya jua likipiga ubavuni. Paka rangi ya usuli mikono miwili, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili. Rangi ya mafuta iachie usiku mzima. Kisha vuta uzi wenye chaki juu na chini kwa kufuata herufi za jirani, na upana wa mistari ya E uchukue kwenye T iliyo neno hilo hilo. Usipake bati likiwa limechemka kwa jua la mchana. Rangi itakauka juu kabla ya chini na kukunjamana. Asubuhi mapema ni bora, na wakati wa kiangazi chagua siku tulivu, maana vumbi la Dodoma halisubiri rangi ikauke.

Tatizo litakalobaki ni kwamba usuli wa zamani umepauka na kiraka kipya kitakuwa kikali. Chukua kipande cha rangi iliyopauka ukalinganishe dukani, au paka mkanda mzima wa neno badala ya herufi moja.

Kwenye benna ya fleksi, agiza stika yenye usuli na E ndani yake. Futa eneo kwa spiriti, liache likauke, bandika kuanzia upande mmoja ukisukuma hewa kwa kadi ngumu. Pembe za stika zikatwe mviringo. Pembe kali huinuka upesi kwenye joto.

Muhuri hauna kiraka. Kwa muhuri unaojipaka wino wenyewe unaweza kubadilisha raba peke yake na kubaki na mwili wake. Ule wa mpini wa mbao utengenezwe mpya.

Mahali ambapo a ni haki yake

Anayejifunza kuogopa a huishia kuandika e kila mahali. Barabarani na kwenye fomu za bima, a ndiyo sahihi. Fomu ya madai itauliza kama gari lako lilikuwa "moving" au "stationary" wakati wa ajali, na jibu la "stationery" halimaanishi kitu. Injini ya dizeli iliyofungwa sakafuni kuendesha mashine ya kusaga kijijini huitwa "stationary engine". Baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote ni "stationary bicycle".

Kwa wanafunzi wa mchepuo wa sayansi, a inatawala. Hisabati ina "stationary point", nukta ambayo mwinamo wa grafu ni sifuri. Chukua y = x² − 6x + 5: dy/dx ni 2x − 6; ukiifanya sifuri unapata x = 3, na y = −4. Nukta ni (3, −4). Fizikia ina "stationary wave", kama ile ya uzi uliofungwa ncha zote mbili ukapigwa. Biolojia ina "stationary phase" katika ukuaji wa bakteria, kipindi ambacho idadi yao haiongezeki tena kwa sababu wanaozaliwa wanalingana na wanaokufa.

Kemia ndiyo yenye mtego. Katika kromatografia ya karatasi kuna "stationary phase", na karatasi iko mbele ya macho yako, kwa hiyo mkono unataka kuandika e. Shikilia a. Kinachotajwa ni ile sehemu isiyosogea, nayo ni maji yaliyoshikwa ndani ya nyuzi za karatasi, wakati kimiminika kinachopanda ndicho "mobile phase". Ukiona "mobile" karibu, jua mwenzake ni wa kusimama.

Jipime

Jaza herufi ya nane bila kurudi juu.

The ministry buys its station_ry in July.
The lorry was station_ry when the bus hit it.
Please lock the station_ry cupboard.
Prices have been station_ry since January.
She sells books, uniforms and station_ry near the bus stand.
Find the station_ry points of the curve.
The station_ry van was station_ry outside the store.

Majibu kwa mpangilio: e, a, e, a, e, a, kisha e na a. Ukikosa ya tatu, umekitegemea kile kipimo cha neno linalofuata. Rudi kwenye "paper". Ukikosa ya nne, kumbuka kwamba hata bei husimama. Ya mwisho inasema gari la vifaa vya ofisini lilikuwa limesimama nje ya stoo: la kwanza linataja mzigo, la pili linataja hali ya gari, na kati yake kuna "was".